Upinde wa vipande vitatu au wa kipande kimoja? Kagua msokoto kwanza

Upinde wa vipande vitatu ni mshikio wa katikati na mikono miwili, wa juu na wa chini, inayofunguliwa; wa kipande kimoja haufunguliwi. Malalamiko ninayoletewa na wasomaji walionunua upinde wa asili yanafanana mno. Upinde ni mzuri, mbao zinang'aa, lakini mishale inakwenda kombo na upote, yaani kamba ya upinde, unataka kuchomoka kwenye ncha. Wengi hujilaumu, eti hawajui kulenga. Nikiwaomba picha ya upinde uliofungwa upote, iliyopigwa kwa nyuma, ugonjwa unaonekana mara moja: mkono mmoja wa upinde umejisokota.

Habari za upinde upi unaingia kwenye begi na upi una umbo la kupendeza, kila muuzaji atakusimulia. Mimi napanga pinde kwa msokoto tu, kwa sababu hakuna anayeutaja.

Kuukagua ni rahisi. Shika upinde uliofungwa upote, upande wa upote ukikuelekea. Upote unapaswa kupita katikati ya mkono wa juu, ya mshikio na ya mkono wa chini. Ukiuona umeelemea pembeni karibu na ncha, usinunue. Kwenye upinde wa vipande vitatu, huenda mkono haukukaa sawasawa mahali pake. Ufungue, futa vumbi, ufunge upya, utazame tena. Chanzo kikubwa cha msokoto ni namna watu wanavyofunga upote: wanapitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja, na nguvu yote inauelemea mkono wa chini kwa upande. Wengine huusimamisha kwenye kona ya chumba ukiegemea ncha yake miezi mizima, au huuacha ndani ya gari juani.

Msokoto mdogo unaweza kunyooshwa kwa maji ya uvuguvugu na subira, ila joto likizidi, gundi inaachia. Ukishindikana, mwenye vipande vitatu anatafuta mkono mwingine. Mwenye kipande kimoja amepoteza upinde mzima.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Bear Takedown, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii aliyoianzisha Fred Bear mwaka 1933. Mikono yake inashikwa kwa lachi, yaani komeo la kufunga kwa mkono, bila boliti wala spana, na inakaa palepale kila unapoifunga. Ukibadilisha mishikio na mikono unapata upinde wa inchi 56, 60 au 64.

Namba mbili ni mshikio wowote mzuri wa mfumo wa ILF, mtindo mmoja wa kuunga mikono unaotumiwa na viwanda vingi, mathalani Hoyt Satori. Mikono ya viwanda mbalimbali inaingia humo, na mishikio mingi ya mfumo huo inakuruhusu kuusogeza mkono kushoto au kulia mpaka upote ukae katikati. Hiyo ni dawa ambayo upinde wa kipande kimoja hauna kabisa.

Namba tatu ni Bear Super Kodiak ya inchi 60, kipande kimoja. Ukiwa umenyooka, raha yake huipati kwingine: mwepesi mkononi, mkimya, hakuna boliti ya kulegea katikati ya mazoezi. Nunua mpya, au ule uliokagua kwa macho yako.

Wa bei nafuu, Samick Sage wa inchi 62 unamfaa anayeanza. Basi.

Kinachonikera ni wauzaji. Wanapiga picha upinde usio na upote, tena kwa ubavu, mahali ambapo msokoto hauonekani hata ukitaka. Wanaandika "ratili 45", yaani nguvu ya kuuvuta upinde, bila kusema ni pale upote unapovutwa hadi inchi 28, na anayevuta inchi 26 anapata pungufu ya ratili nne au zaidi. Halafu wanakuuzia upinde wa bei kubwa bila kamba ya kufungia upote, ile inayokunja mikono yote miwili sawasawa, kitu cha bei ndogo ambacho kingeokoa mikono ya pinde nyingi. Ukirudi kulalamika, unaambiwa msokoto ni kawaida ya mbao. Si kawaida! Kabla hujalipa, dai picha ya nyuma, upote ukiwa umefungwa, na kamba hiyo iwemo ndani ya bei. Akisitasita, mwache na upinde wake.