Soda ya moto Mbeya: ipi ununue isiyokuachia uchungu kooni

Juni iliyopita tulikuwa na kipaimara cha mwanangu wa pili, nyumbani Uyole. Nilichukua katoni nane za soda za chupa za plastiki pale Mwanjelwa, aina ambayo sikuwahi kuionja, kwa kuwa kila katoni ilipungua shilingi elfu mbili. Watu wakala pilau, wakafungua soda, na kufikia saa kumi jioni nilikuwa naokota chupa zilizonyweka nusu. Bibi mzaa mama, ambaye soda huimaliza mpaka povu, alipiga mafunda mawili, akarudishia kizibo, akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kuomba chai.

Nikaonja. Mwanzo ilikuwa tamu kama soda yoyote. Nilipomeza, ukapita muda wa kuhesabu mpaka tano, kisha ukapanda uchungu nyuma ya ulimi kama nimelamba sarafu, na haukuondoka mpaka nilipokula ndizi mbivu. Nikageuza chupa. Kwa maandishi madogo kuliko ulezi paliandikwa sukari, halafu namba 950, 954 na 955. Soda ile haikuandikwa popote kwa mbele kwamba ina sukari mbadala.

Chungwa au kola, chagua mwenyewe. Mimi naangalia jambo moja ambalo wanaosifia soda hulipita: koo linabaki vipi ukiinywa ya moto. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai inauma, na mhudumu akiuliza "baridi au moto?" wengi tunajibu moto. Ulimi husikia utamu kwa nguvu zaidi kinywaji kikiwa hakijapoa, na uchungu vilevile. Soda iliyolala kwenye friji inaficha mengi.

Zishike namba hizi za sukari mbadala, kwenye lebo hutanguliwa na herufi E au INS. 951 ni aspatemu, tamu mara 200 kuliko sukari. 950 ni asesalfemu K, nayo kama mara 200, ila ina uchungu wake. 954 ni sakarini, ya tangu 1879, na ndiyo yenye ile ladha ya chuma. 955 ni sukralosi, tamu mara 600. Haina uchungu mkali lakini utamu wake hung'ang'ania koo. Viwanda huzichanganya ili moja ifunike kasoro ya nyingine, na kwa sababu kidogo tu kinatosha, gharama inashuka.

Nafasi ya kwanza naipa Stoney Tangawizi, na sioni haya kusema naipendelea. Ukali wa tangawizi unashuka na koo lote, na ukimeza kinachobaki ni joto. Ya chupa ya glasi, ya moto, na maandazi: kwa asubuhi ya Julai sijapata inayoishinda.

Ya pili ni Coca-Cola ya kawaida. Ikiwa ni ile yenye sukari kamili, gramu 10.6 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 350 inabeba gramu 37 hivi, kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Kwa hiyo moja, tena siku ya sherehe. Na soma lebo kila mara, maana jina hubaki na vilivyomo hubadilika. Uingereza, kwa sababu ya kodi ya sukari ya 2018, kampuni nyingi zilipunguza sukari na kuziba pengo kwa hizo namba. Pepsi ya kule ilifanya hivyo 2023.

Ya tatu ni Coke Zero, na hii ni kwa mwenye kisukari anayetaka kukaa na wenzake bila kubaki na maji peke yake. Hii inywewe baridi tu. Ina aspatemu, na aspatemu huvunjika ikikaa kwenye joto: utamu unapungua. Sasa fikiria katoni iliyotoka Dar chini ya turubai, ikapita Mikumi kwenye jua, ikapanda Kitonga, kisha muuzaji akaipanga nje ya duka wiki nzima. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na chukua za ndani.

Kuhusu saratani, wengi wenu mmeniuliza. Julai 2023 aspatemu iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, lakini kiwango salama kikabaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 kwa siku kukivuka. Linalonigusa mimi ni la Mei mwaka huohuo: Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari mbadala zisitumike kupunguza uzito. Dada zangu mnaokunywa za bila sukari ili mpungue, mnajinyima raha bure.

Soda za bei ya chini za plastiki: ukiona 954, rudisha.

Ila kurudisha kwenyewe ndiko kunakoniumiza. Nilirudi Mwanjelwa na katoni tatu ambazo hazijafunguliwa. Yule kaka hakuzitazama. "Mama, soda zote sawa tu." Nilipoomba niuziwe chupa moja ya aina nyingine nikaonje, akasema yeye anauza jumla. Mtu anapokea fedha ya katoni nane halafu anashindwa kukuuzia chupa moja! Siku hizi nanunua kwa mama mmoja Soko Matola. Bei yake imezidi kidogo, lakini ananiuzia chupa moja kwanza. Naiweka mezani usiku kucha, asubuhi naifungua, nameza, nahesabu mpaka kumi.