Ribriza au mitungi ya kawaida? Uzoefu wangu kwenye kina cha Ziwa Tanganyika

Kwa kuzama kina kirefu hapa Kigoma, mimi nachagua mitungi miwili mgongoni, kila mmoja na regulata yake, yaani kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi. Ribriza, kifaa kinachosafisha pumzi yako ili uivute tena, nimeitumia pia, niliazimwa na timu ya watafiti wa samaki, na kwa raha ya kuzama haina mpinzani. Ila nikipima usalama, jibu langu ni mitungi.

Kwanza niipe ribriza haki yake. Ribriza haitoi mapovu: pumzi unayoitoa hupita kwenye chokaa ya soda inayonyonya hewa ukaa, oksijeni huongezwa kidogo kidogo, unaivuta tena. Chini ya miamba ya Bangwe nilikaa jirani kabisa na samaki wawili aina ya kuhe, dume na jike, wakilinda vifaranga vyao juu ya mchanga. Dume alinisogelea, akanitazama usoni, akarudi kwa wanawe. Ukiwa na mitungi ya kawaida husogei karibu kiasi hicho.

Halafu gesi haiishi haraka. Kwenye mita 40 shinikizo ni karibu mara tano ya la juu, kwa hiyo mwenye mitungi ya kawaida anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia kama lita 100 kule chini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la baa 200 una lita 2,400 za hewa. Piga hesabu mwenyewe, na akiba ya kupandia uitoe humo humo.

Kinachonitisha ni kwamba ribriza huharibika kimyakimya. Regulata ikileta shida utajua papo hapo: hewa inamwagika kwa kelele au inavutika kwa shida, unahamia ya pili, unapanda. Kwenye ribriza, oksijeni ikipungua hakuna kinachouma wala kubana; unazimika tu. Ikizidi, degedege inakukuta majini. Chokaa ikichoka, hewa ukaa inapanda na akili inavurugika wakati ule ule unapoihitaji.

Mlinzi wako ni sensa tatu za oksijeni. Kuna siku, mbili kati yake zilisoma shinikizo la oksijeni la baa 1.1 na ya tatu 1.5. Kompyuta ya ribriza huamini walio wengi, ikaona oksijeni haijatosha, ikaendelea kuiongeza. Lakini sensa huzeeka, na zilizofungwa pamoja huzeeka pamoja. Mbili zilizochoka zinaweza kukubaliana kwenye uongo. Nikahamia mtungi wa dharura, nikapanda taratibu.

Mwaka 2013 Dkt. Andrew Fock wa Australia alichapisha uchambuzi wa vifo 181 vya wazamiaji wa burudani waliotumia ribriza kati ya 1998 na 2010, akakadiria hatari yake ni kama mara kumi ya mitungi ya kawaida. Kweli, theluthi mbili zilihusishwa na mizamo au tabia za hatari. Kwangu hilo halipunguzi uzito wa hesabu, maana kina kirefu chenyewe ni hatari.

Na hapa ni bara. Ziwa liko kama mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo kompyuta ya kuzamia iweke kwenye hali ya mwinuko. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Ukipatwa na ugonjwa wa mgandamizo, yaani mapovu ya gesi mwilini baada ya kupanda, safari ya kufuata matibabu ni ndefu.

Ukija na ribriza yako, njoo na chokaa yako, sensa zisizozidi mwaka mmoja, na mtungi wa dharura wenye gesi ya kukufikisha juu pamoja na vituo vyote vya kusubiri njiani ili gesi itoke mwilini. Kabla ya kuruka, kaa kwenye mashua uvute pumzi dakika tano huku macho yakiwa kwenye sensa.