Land Rover Series III ya Dizeli Kufungwa Mota ya Umeme: Uzoefu Wangu Kandokando ya Maasai Mara

Land Rover Series III ya aina ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ina bodi ya aloi ya alumini inayodumu kuliko injini yake, na ndiyo sababu nilikubali kulipa karakana moja ya Nairobi inayong'oa injini za dizeli na kufunga mota za umeme. Gari langu hubeba watalii katika hifadhi ya jamii inayopakana na Maasai Mara. Nimelitumia masika na kiangazi, na kwa kazi hii naliona bora kuliko lilivyokuwa na dizeli, ijapokuwa gharama yake ilizidi bei ya kununua Land Rover nyingine ya aina hiyo hiyo.

Mafundi waliiondoa injini ya sentimita za ujazo 2,286 pamoja na redieta, ekzosi na tangi la mafuta, kisha wakaiunganisha mota na giaboksi ya asili kwa bamba walilolichonga wenyewe. Uamuzi wa kuibakiza giaboksi hiyo ndio ninaousifu zaidi. Gia nzito na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne vimebaki, na kwa kuwa mota hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha tangu gari linapoanza kusogea, tunatoka polepole katika udongo mweusi unaonata bila magurudumu kuzunguka ovyo. Betri, ambazo ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, aina inayostahimili joto vizuri ingawa ni nzito, ziligawanywa mbele na nyuma ili gari lisielemee upande mmoja.

Faida iliyobadilisha kazi yangu hasa ni ukimya. Mwongozaji humtafuta chui kwa kusikiliza: tumbili wanapopiga kelele za hofu, au swala pala wanapokoroma wakiwa wamekazia macho kichaka kimoja, ndiko anakoelekea. Zamani nililazimika kusimama na kuzima injini kila mara ili nisikie, na mara nyingi mlio ulikuwa umeshakatika kabla sijajua ulikotoka. Sasa nasikiliza huku naendesha. Wageni nao wanasikia maelezo yangu bila mimi kupaza sauti, na wapiga picha hawatikiswi na injini inayonguruma gari likiwa limesimama.

Chaji moja hunitosha kwa takriban kilomita 120 za mwendo wa porini, yaani mzunguko wa asubuhi na wa jioni, na katikati ya mchana kambi hulichaji kwa umeme wa sola. Barabara kuu ni jambo jingine kabisa, kwani uso wa Land Rover ni bapa, upepo huukabili kwa nguvu, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo chaji inavyoisha upesi. Mwenye kuhitaji kwenda Nairobi na kurudi kila mara asibadilishe gari lake.

Kasoro niliyoipata ilihusu breki, kwa hiyo siichukulii kuwa ndogo. Injini ilipoondolewa, karakana ilifunga pampu ya umeme ya kusaidia breki, nayo ikaharibiwa na vumbi hadi pedali ikawa ngumu kukanyaga. Waliibadilisha bila malipo, lakini kipuri kilichelewa kufika kutoka nje ya nchi. Pampu hiyo ilipaswa kukingwa vumbi tangu mwanzo.

Kwa mwenye gari la kumbukumbu, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, halilihesabu gari lililofungwa mota ya umeme kuwa gari la kale, na linashauri vifaa vyote vya asili vihifadhiwe ili liweze kurudishwa lilivyokuwa. Mimi nilitaka chesisi isikatwe wala kutobolewa, na injini nikabidhiwe. Yote mawili yalitimizwa kwa sababu yaliandikwa kwenye mkataba kabla fundi hajafungua bolti ya kwanza.