Incompetech: muziki wa bure kwa podikasti, bei yake ni jina la mtunzi

Wenzangu wenye podikasti hapa Tanga huniuliza natoa wapi muziki wa kipindi changu cha mapishi ya Pwani. Natoa Incompetech, tovuti ya mtunzi wa Marekani, Kevin MacLeod, na kwa anayeanza bila mtaji naipendekeza kwa moyo mmoja.

Muziki wa bure umejaa mtandaoni. Tabu ni kujua aliyekuruhusu kuutumia ni nani. Hapa kila wimbo una ukurasa wake: urefu, kasi ya mapigo, ala zilizopigwa, hisia yake. Unasikiliza, ukiupenda unapakua. Maneno ya kumtaja mtunzi yamekwishapangwa, kazi yako ni kunakili: jina la wimbo, la mtunzi, tovuti, na leseni, ambayo ni Creative Commons BY 4.0.

Leseni hiyo isomeni, wapendwa. Inakuruhusu kuukata wimbo, kuutandika chini ya maneno yako, hata kuutia kwenye kipindi chenye mdhamini. Unachodaiwa ni kumtaja mtunzi, kuweka kiungo cha leseni, na kusema kama umeubadilisha wimbo. Tena maadamu unatimiza masharti, mtunzi hawezi kuighairi mwakani. Kwetu hilo ni kubwa, kwani kipindi cha miaka mitatu nyuma bado kuna mtu anakipakua leo. Usipomtaja, ruhusa inakatika; ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue, inarudi yenyewe.

Mimi hubandika maneno yale kwenye maelezo ya kipindi, kisha namtaja mtunzi kwa sauti mwishoni, maana wengi husikiliza simu ikiwa mfukoni. Inaniuma kusikia podikasti nzuri zikitumia nyimbo hizi kimya kimya. Mtu kakupa jasho lake, ujira alioomba ni jina lake tu, nao unamnyima?

Upungufu upo. Nyimbo zake zimezagaa sana kwenye video, kwa hiyo msikilizaji anaweza kuwa ameshazisikia kwingine. Na ukitaka ladha ya taarabu, udi na dumbaki, mimi sijaiona humo.

Hapo ndipo wengine huchomoa kipande cha Bongo Fleva wakidai sekunde kumi hazina neno. Zina neno! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuweka sekunde za bure. Isitoshe, wimbo uliorekodiwa una haki mbili, ya aliyeutunga na ya mwenye rekodi, na mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Ukipata ruhusa ya mmoja, bado wa pili. Na usijitetee kwamba redio wanaupiga kila siku: leseni ya redio ni ya redio, haikufuniki wewe.

Muziki wangu wa kufungulia kipindi nilimlipa mpiga udi wa hapa hapa, tukaandikiana: wimbo anautunga na kuupiga yeye, mimi nautumia kwenye podikasti na matangazo yake bila kikomo cha muda. Vipande vya kuvukia kutoka sehemu moja ya kipindi hadi nyingine bado natoa Incompetech. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya udi na dumbaki.