Kijani cha zumaridi na zambarau: ununue kitambaa gani Kisumu

Disemba ikikaribia mnaniletea malalamiko yale yale, dada amenunua kijani cha zumaridi na zambarau nzito za ayie (ile sherehe ya Waluo kabla ya harusi) au za harusi, dukani vimependana kabisa, halafu jioni kwenye ukumbi wenye balbu za njano zambarau imegeuka damu ya mzee na kijani kimepoa, na picha ndo hizo zishapigwa. Sasa mimi sitaongea ulaini wala kujikunja, hayo kila mtu anajua kuangalia. Mimi naongea taa tu.

Zambarau ni nyekundu na bluu pamoja. Balbu ya njano haina bluu ya kutosha, so kinachobaki machoni ni wekundu. Tena vitambaa viwili vilivyotiwa rangi za aina tofauti vinaweza kufanana chini ya tyubu ya duka na vikaachana mkitoka tu mlangoni. Kwa hivyo toa vyote viwili juani saa sita, kisha omba kipande kidogo cha kila kimoja ukavitazame usiku nyumbani. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine.

Namba moja kwangu ni Vlisco, na sifichi. Hii ni kampuni ya Uholanzi, iko Helmond tangu 1846, na ukipata kitenge chao chenye kijani na zambarau humo humo kazi ya kuoanisha imeshafanywa, rangi zote ziko kwenye pamba moja na zimeingia pande zote mbili, hata mkunjo wa kilemba hauonyeshi upande uliofifia. Soma pindo, jina liko hapo. Geuza pia nyuma: kama ni peupe kuliko mbele, weka chini uende zako. Nauliza kwanza Oginga Odinga Street kabla sijashuka soko la Kibuye.

Namba mbili ni satini isiyo na maua, lakini kijani na zambarau zitoke kwa majora ya aina moja. Kuchanganya satini na krepu nakataa, maana satini inang'aa na krepu inameza mwanga, kwa hivyo hata rangi zikilingana moja itaonekana imechakaa. Acha kijani kitawale gauni, zambarau ibaki kwa mkanda na kilemba, dhahabu kidogo masikioni basi.

Tatu ni velveti. Hakuna kitambaa kinachobeba rangi hizi kwa kina kama hicho, ila kwa joto la Kisumu mtalia. Watu wa Nakuru, Julai, nyinyi vaeni.

Vile vitenge vya poliesta vya bei ya chini ni vya kupamba meza.

Na hawa wauzaji jameni! Ukitaja tu neno harusi bei inapanda hapo hapo, mbele ya macho yako, ya kitambaa kile kile ambacho aliyekutangulia ameuziwa kwa bei ya kawaida. Wengine wanakulazimisha ubebe yadi zote 6 na unahitaji za sketi tu, na wakiona unaelekea mlangoni na jora wanakushika mkono kama mwizi. Sasa nitajuaje rangi nikiwa huko ndani gizani? Sema unashona nguo ya kanisa, lipa, omba risiti, na umwambie fundi asikate mpaka hivyo vipande vilale nyumbani usiku mmoja.