Oili ya Gari la Zamani: Anza na Herufi Mbili Nyuma ya Galoni

Habari zenu wadau, karibuni sana. Leo tuna Corolla 110, injini 5A, na tuko hapa Sakina, Arusha. Tunamwaga oili wenyewe. Mezani nina galoni mbili za lita nne nne, filta mbili, na spana tatu za kufungulia filta. Majina ya kampuni nimeyafunika kwa karatasi makusudi, maana ninachotaka mkione ni maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo dukani karibu hakuna anayeyasoma.

Ukifika duka la spea ukasema gari lako ni la zamani, unapewa ishirini hamsini kabla hujamaliza sentensi. Basi, galoni hizi mbili zote zimeandikwa 20W-50, na kwa macho tu ni pacha. Moja ni nafuu, nyingine imezidi bei kidogo. Sasa nageuza nyuma. Sogea hapa, tazama. Hii ya bei nafuu imeandikwa API SF. Hii nyingine, API SL.

API ni taasisi ya petroli ya Marekani, ndiyo inayopanga madaraja ya ubora wa oili. S ni injini za petroli, C ni za dizeli. Herufi ya pili inapanda kadiri kiwango kinavyopanda: SF, SG, SH, SJ, SL, SM, SN, na SP iliyoanza mwaka 2020. API wenyewe wanasema SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Corolla 110 ilianza kutengenezwa mwaka 1995! Yaani gari unaloliita zee ni jipya kuliko oili unayolimiminia. SJ imepangiwa injini za mwaka 2001 kurudi nyuma, SL za mwaka 2004 kurudi nyuma. Kwa gari la rika hili, SJ ndiyo mwisho wa kushuka. Ukipata SL au SN, chukua bila wasiwasi, ya juu inatumika kwenye injini ya nyuma yake.

Kwa nini nang'ang'ania herufi? Kwa sababu namba inakwambia uzito tu. Herufi inakwambia uwezo wa oili kuosha injini na kuvumilia joto bila kugeuka tope. Tope likianza, linaziba chujio la pampu ya oili kule chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ringi za oili kwenye pistoni zinaganda. Hapo gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, halafu watu wanasema injini imechoka kwa uzee. Wakati mwingine imechokeshwa na oili. Inaniuma sana nikiona injini nzuri kama hii inauzwa chuma chakavu kwa ajili ya tofauti ndogo ya bei ya galoni.

Namba nazo tusiziache. Ile ya mbele ya W inaeleza oili inavyotembea ikiwa baridi, ile ya nyuma inaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai mnazijua. Baridi yetu haiwezi kuzuia 20W isifanye kazi, lakini 10W-40 au 15W-40 inafika juu kwenye valvu haraka zaidi ukiwasha asubuhi. Ushauri wangu: injini isiyopungua oili, weka 10W-40. Injini inayokula oili tayari, 20W-50 ni sawa kabisa, ila iwe SJ au zaidi. Na kagua kizibo: sili isiwe imeguswa, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, iwepo. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, wadau, achaneni nayo.

Filta. Kwa nje hizi mbili zinatofautiana rangi tu. Angalia ndani ya matundu haya ya pembeni, unaona kiwambo cha raba? Kazi yake ni kuzuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Hii ya kwanza raba ni laini, nikiibonyeza kwa bisibisi inarudi. Hii ya pili ni ngumu, haikai vizuri kwenye bati. Ukifunga hii ya pili, asubuhi ukiwasha utasikia injini inagonga sekunde chache mpaka filta ijae tena, na sekunde hizo vyuma vinasagana bila oili ya kutosha. Mimi nachukua ya kwanza. Dukani nenda na namba ya chesesi, usiseme tu "filta ya Toyota", maana zinapishana urefu na uzi.

Spana za filta haraka haraka: ya kikombe ni nzuri kuliko zote ikilingana na filta yako, inaingia hata pale mkono unapobanwa. Ya mkanda inafaa ukiwa na nafasi. Ya mnyororo inafungua chochote, lakini inapondaponda bati, kwa hiyo iwe ya kufungulia tu. Kutoboa filta kwa bisibisi sitaki hata kuonyesha.

Sasa kazi yenyewe. Washa injini dakika tano hivi, oili iwe vuguvugu, si ya kuunguza. Sehemu iwe tambarare, handibreki juu, mawe nyuma ya tairi. Inua kwa jeki, halafu weka stendi. Nasema tena, STENDI. Jeki ni ya kuinulia tu. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki, wala tofali, tofali linapasuka bila kukupa taarifa. Huna stendi? Azima, au subiri. Oili haina haraka hiyo.

Nati ya sampu ni spana namba 14, ilegeze kushoto, beseni likiwa tayari chini. Hapa ndipo napenda kazi hii ifanywe na mwenye gari, kwa sababu oili inayotoka ni ripoti ya injini. Ikiwa nyeusi, usiogope, imeosha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji ndani, mara nyingi gasketi ya silinda hedi. Chovya vidole ukiwa na glavu, sugua: ukiona vumbi linalometameta, beringi zinalika. Ikinuka petroli, mfumo wa mafuta au plagi ziangaliwe. Fundi mwenye magari matano kwenye foleni hana muda wa kukutazamia yote haya, na si kosa lake.

Ukitoa filta ya zamani, hakikisha raba yake imetoka nayo. Mara nyingine inabaki imeng'ang'ania kwenye bloku, ukifunga mpya juu yake zinakuwa raba mbili, na ukiwasha oili yote inamwagika chini kwa kasi. Paka raba mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Basi. Nati ya sampu weka washa mpya, ile ringi bapa ya kuzuia kuvuja, kaza kwa spana fupi na mkono mmoja. Ukikaza kwa bomba la kuongezea nguvu, uzi wa sampu unaliwa.

5A inachukua takriban lita tatu, kwa hiyo usimimine galoni nzima. Mimina lita mbili na nusu, washa, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, zima, subiri, pima kwa stiki ya oili, ongeza taratibu hadi karibu na alama ya juu. Ikizidi, shafti inaipiga oili povu, na povu halilainishi chuma. Andika kilomita kwenye kibandiko. Kwa vumbi letu na safari za mjini za kusimama kila mara, mimi nabadili kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia.

Imebaki oili chafu. Irudishe kwenye galoni tupu, funga, upeleke gereji au kituo kinachokusanya. Usiimwage mtaroni, mitaro ya Arusha inaishia kwenye mito ya Themi na Naura, na kule chini kuna watu wanamwagilia mboga. Wala usiipake nguzo za uzio kuua mchwa kwa mikono mitupu, ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, ingiza kadibodi chini ya injini uangalie kama kuna tone, halafu pima stiki tena.