Uzoefu wangu wa kuacha tramadoli kwa kupunguza dozi katika kliniki moja ya Moshi

Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu aliyeanza kumeza tramadoli kwa cheti halali cha daktari, kama nilivyoanza mimi, kisha akagundua kwamba maumivu yaliyompeleka kwenye dawa yamepungua lakini dawa yenyewe haimwachi. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Moshi. Mei 2022 bodaboda niliyopanda iligongwa na gari karibu na Kiboriloni, nikavunjika mfupa wa paja na kuwekewa chuma. Tramadoli ilinisaidia sana katika wiki zile za mwanzo, na sitaki mtu yeyote mwenye maumivu makali aiogope kwa sababu ya maneno yangu. Tatizo lilikuja baada ya cheti kwisha, nilipopata duka la dawa ambalo halikuniuliza cheti. Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa nameza kapsuli 10 za miligramu 50 kwa siku, yaani miligramu 500, ilhali kiwango cha juu kwa mtu mzima kwa kawaida ni 400, na kadiri mtu anavyokipita ndivyo hatari ya kupatwa na degedege inavyoongezeka.

Kabla ya kwenda kliniki nilijaribu kuacha peke yangu. Nilichagua likizo ya Pasaka, nikameza kapsuli za mwisho Alhamisi Kuu usiku, nikamwambia mke wangu kwamba nina malaria. Ijumaa mchana nilianza kupiga miayo mfululizo bila usingizi, machozi na kamasi vikanitoka kama mtu mwenye mafua, na malaika wa mikononi wakanisimama ingawa jua lilikuwa kali. Jumamosi na Jumapili tumbo lilisokota na kuendesha, jasho likaloweka shuka, na miguu ikakataa kutulia hata dakika moja, kiasi kwamba nilitembea uani tangu saa nane usiku mpaka alfajiri. Hayo ndiyo vijana wa mtaani huyaita arosto. Hata hivyo kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyewahi kunisimulia: nilihisi mishtuko midogo kama ya umeme kichwani, na hofu kubwa isiyo na sababu, hofu ya kufanya moyo upige kana kwamba mtu anavunja mlango. Jumatatu ya Pasaka nilirudi kwenye kapsuli, na mbele ya nafsi yangu nilijihesabu kuwa mtu dhaifu.

Mapema Mei nilimweleza mke wangu ukweli, naye ndiye aliyenipeleka kwenye kliniki ninayoieleza hapa, ambayo hupokea watu wenye utegemezi wa dawa kila Alhamisi. Jambo la kwanza lililonifanya niiamini ni kwamba muuguzi hakuniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Aliniambia, “Mwalimu, tuanze na mwili wako,” kisha akatoa karatasi yenye vipengele 11: mapigo ya moyo, jasho, kutotulia, ukubwa wa mboni za macho, maumivu ya mifupa na viungo, kamasi na machozi, tumbo, kutetemeka kwa mikono, miayo, wasiwasi, na kusimama kwa malaika. Kila kipengele kina alama zake. Jumla ya 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ni ya wastani, na zaidi ya hapo ni kali. Tangu nivunjike mguu hakuna aliyewahi kuyapima mateso yangu kwa namba, na kwa mtu wa kazi yangu jambo hilo lilikuwa na uzito ambao nashindwa kuueleza vizuri. Nilichokuwa nikikiita udhaifu kilikuwa kitu kinachoweza kuandikwa, kulinganishwa wiki kwa wiki, na kutibiwa.

Daktari alinieleza kwamba tramadoli ina njia mbili mwilini. Ya kwanza ni ile ya dawa zote za jamii ya afyuni, kama mofini. Ya pili ni kuongeza nguvu ya kemikali za ubongo ziitwazo serotonini na noradrenalini, kazi inayokaribiana na ile ya baadhi ya dawa za sonona. Kwa hiyo anayeiacha ghafla anaweza kupata arosto ya kawaida pamoja na ile mishtuko na hofu iliyonitesa Pasaka. Aliniuliza pia kama kuna dawa nyingine ninayomeza, na nikalazimika kukiri kwamba nilikuwa nimeuziwa amitriptilini ili nipate usingizi. Aliisimamisha siku hiyohiyo, kwa kuwa ikichanganywa na tramadoli huzidisha hatari ya degedege. Nawasihi wasomaji wasifiche dawa yoyote wanapoulizwa swali hilo.

Mpango ulikuwa kupunguza kapsuli moja kila baada ya wiki mbili. Duka la dawa la kliniki lilinipa dozi ya wiki moja tu kwa wakati, kila siku katika bahasha yake ndogo ya kaki, na mke wangu ndiye aliyezitunza. Kutoka 500 hadi 200 nilipita kwa taabu ndogo kuliko nilivyotarajia: siku ya pili na ya tatu baada ya kila punguzo zilikuwa nzito, kisha mwili ulizoea. Mwishoni mwa Julai, niliposhuka kutoka 200 hadi 150, mambo yaliharibika. Moshi ya Julai ni ya baridi na mawingu, kwa hiyo siku mbili nzima nilidhani natetemeka kwa sababu ya hali ya hewa, mpaka muuguzi aliponipigia simu siku ya tatu, kama alivyofanya baada ya kila punguzo, akanitaka nifike. Alama zilikuwa 17. Nilitarajia kuambiwa nivumilie. Badala yake daktari alinirudisha 200 kwa wiki tatu, akachukua karatasi na kunionyesha hesabu ambayo nilipaswa kuiona mwenyewe: kutoa 50 katika 500 ni kutoa sehemu moja ya kumi, kutoa 50 katika 200 ni kutoa robo nzima, na kutoa 50 katika 100 ni kutoa nusu. Hatua zilizoonekana sawa kwenye karatasi hazikuwa sawa kwa mwili. Kuanzia hapo alinibadilishia kapsuli kwa vidonge vya miligramu 50 vinavyoweza kukatwa katikati, nikashuka kwa 25 kila wiki mbili. Alisisitiza kwamba vidonge vile vinavyotoa dawa polepole mwilini havikatwi wala kusagwa, kwa sababu dozi ya saa nyingi inaweza kumwagika mwilini kwa mara moja.

Dalili zilizobaki zilitibiwa moja moja. Kwa tumbo nilikunywa maji ya ORS, nikala uji na mtori mwepesi, na kwa siku mbili mbaya nilipewa loperamidi kwa onyo kali kwamba nisizidishe dozi, kwa kuwa dawa hiyo nayo ni ya jamii ya afyuni na ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa maumivu ya viungo nilipewa parasetamoli. Daktari alifikiria kunipa klonidini kwa ajili ya jasho na kutotulia, lakini aliponipima presha akakuta iko chini, akaacha, kwa kuwa dawa hiyo huishusha zaidi. Uamuzi huo wa kutonipa dawa uliniongezea imani kwake. Kwa miguu, kilichonifaa zaidi ni beseni la maji ya moto kabla ya kulala na kutembea taratibu jioni.

Nina malalamiko mawili, nayo si madogo. Benchi la kusubiri liko kwenye korido wanayopita wagonjwa wote, na mara mbili nilikutana na wazazi wa wanafunzi wangu nikiwa nimeshika karatasi ile. Najua mtu mmoja aliyeacha kuja kwa sababu ya benchi hilo tu, na kwa huduma nzuri kiasi hiki hiyo ni hasara inayoepukika. Lalamiko la pili ni kwamba mwezi Septemba vidonge vya kukatwa viliisha stoo, nikaambiwa nitafute mwenyewe mjini. Nilizunguka na daladala mpaka jioni nikavipata, lakini mtu mwenye alama 15 mwilini hawezi kuzunguka hivyo, naye akikosa atarudi kwa muuzaji asiyeuliza cheti. Niliyasema yote mawili kwa mganga mfawidhi. Dawa haijakosekana tena, ila benchi bado liko palepale.

Jambo moja muuguzi alinirudia kila Alhamisi, na mke wangu aliitwa alisikie. Anayeacha au kupunguza hupoteza uzoefu wa mwili kwa dawa ndani ya muda mfupi, hivyo akirudia dozi yake ya zamani inaweza kumzuia kupumua na kumuua. Alimfundisha mke wangu dalili za kuangalia, yaani usingizi usioamshika, pumzi chache na midomo kuwa ya bluu, na kwamba mtu wa hali hiyo akimbizwe hospitali bila kusubiri, ambako kuna dawa ya naloksoni inayozima nguvu ya afyuni. Alisema pia kwamba mjamzito asiache ghafla kabisa, bali aonwe na daktari kwanza.

Nusu kidonge ya mwisho niliimeza mwishoni mwa Novemba, wiki ya 29 tangu nianze. Wiki mbili zilizofuata nilipata usingizi wa muda wa saa tatu au nne tu kila usiku, kisha usingizi ukaanza kurefuka kidogo kidogo. Mguu bado unauma asubuhi za baridi, nami huutuliza kwa parasetamoli na kwa mazoezi aliyonionyesha mtaalamu wa viungo wa kliniki hiyohiyo. Kila mwezi bado nakwenda kujaziwa ile karatasi, na mara ya mwisho jumla ilikuwa 2, zote za miayo.